Mbwa Aliyeitwa Mhispania

Springa, mbwa wa kuwindia ndege, hatembei kichakani, anapekua. Kichwa chini, mkia hautulii, anakata kushoto hatua kadhaa, anageuka, anarudi kulia, hivyo hivyo mbele ya mwenye bunduki mpaka pua ikutane na harufu. Hapo mkia unabadilika mwendo. Aliyemzoea anaujua ule mtikisiko na anajua ndege yuko karibu. Mbwa anajitosa kichakani, ndege anafurushwa, na kama mbwa amefunzwa vizuri anaketi pale pale akimtazama ndege anavyopaa, wala hamkimbizi. Anangoja mlio wa bunduki. Kisha anangoja kutumwa. Akitumwa anamleta ndege mdomoni bila kumtoboa hata jino moja.

Nimeyaona haya Norfolk, mashariki ya Uingereza, ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mzee ninayemhudumia alikuwa mwindaji wa ndege enzi zake. Siku hizi magoti yamegoma, lakini springa wake hajastaafu. Msimu wa kuwinda fezanti, ndege wakubwa kama kuku wenye mikia mirefu, hufunguliwa tarehe 1 Oktoba na kufungwa tarehe 1 Februari. Katika miezi hiyo majirani humpitia mbwa asubuhi, na nikiwa sina zamu hunipitia na mimi. Kazi ya sisi tusio na bunduki ni kupanga mstari, kupiga vichaka kwa fimbo na kutia kelele ili ndege waelekee upande wa wenye bunduki. Ujira wa siku upo, na supu ya mchana ipo.

Nilipomsimulia mama yangu aliyeko Tanga, hakuuliza habari za ndege wala za bunduki.

"Na huyo mbwa analala ndani?"

Nikamwambia analala ndani, na kochi analipanda.

Akanyamaza kidogo. "Haya, mwanangu. Maji ya kutosha yapo huko? Na udongo?"

Aliyelelewa pwani ameshaelewa. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu kuanzia Lamu hadi Kilwa, chombo alichokilamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikamkumbusha mama kwamba Qurani hiyo hiyo, Surat al-Maida aya ya 4, inahalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama aliyefundishwa kuwinda, jina la Mwenyezi Mungu likitajwa. Mbwa mwenye elimu ana daraja yake. Mama hakubisha, ila alisema mbwa mwenye elimu hapandi kochi.

Huyu mwenye daraja ni jamii ya spanieli, na jina hilo ndilo lililonikalisha macho usiku mzee akiwa amelala. Kifaransa cha kale kilikuwa na neno espaigneul, maana yake "wa Hispania". Mbwa Mhispania, basi. Mwaka 1387 Gaston Phébus, bwana wa Foix, chini ya milima ya Pyrenees upande wa Ufaransa, alianza kuandika kitabu kikubwa cha uwindaji, na humo akawaeleza mbwa wa ndege: wametoka Hispania, ndiyo maana wakaitwa hivyo, ingawa wametapakaa nchi nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 15 Edward, Duke wa York, ambaye baadaye alifia vitani Agincourt mwaka 1415, alikigeuza kitabu hicho kuwa cha Kiingereza. Maelezo ya tabia humo ni matamu. Spanieli anampenda bwana wake na kumfuata popote, ana mkia usiotulia, lakini pia ni mpiga kelele na mgomvi; akiona bata, kuku, ng'ombe au farasi hukimbilia kuwabwekea, na huwaponza mbwa wengine wakamfuata. Zaidi ya miaka 600 imepita. Jirani wa mzee wangu anafuga kuku, na uzio baina ya nyumba hizo mbili umeinuliwa mara mbili.

Hata zamani hizo si wote waliokubali hadithi ya Hispania. John Caius, daktari aliyekipa chuo kimoja cha Cambridge jina lake, aliandika mwaka 1570 kitabu kifupi kwa Kilatini kuhusu mbwa wa Uingereza. Humo alisema watu wa kawaida huwaita mbwa hawa wote spanieli, kana kwamba kweli walitoka Hispania. Hilo "kana kwamba" lina kebehi ndani yake. Wapo pia waliodai kwamba neno limetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kujilaza chini, kwa sababu mbwa wa namna hii walifunzwa kulala kifudifudi wakinusa kwale, ili wavu uvutwe juu ya mbwa na kwale kwa pamoja. Ile kazi ya wavu ilikuwepo kweli, na ndiyo iliyozaa jamii nyingine ya mbwa wa ndege, seta. Ila kwa upande wa jina, mimi nabaki na Hispania.

Halafu hakuna ajabu. Sisi tuna bata bukini, na Bukini ndiyo Madagaska. Jina la mnyama mara nyingi hutaja bandari alikodhaniwa kutoka, na haliulizi zaidi. Mfano mchungu zaidi uko Kongo. Wale mbwa wadogo wa msituni wenye mkia uliojikunja, wasiobweka kama wenzao, walipofikishwa Uingereza miaka ya 1930 waliandikishwa kwa jina la Basenji. Hilo ni lile lile neno letu "washenzi" kwa matamshi ya kule. Mbwa hodari wa kuwinda, anayevaa njuga shingoni ili mwenyewe ajue alipo, leo anapita mbele ya majaji wa maonyesho duniani kote akiitwa mshenzi, na wanaompigia makofi hawana habari. Ukilinganisha, kuitwa Mhispania ni heshima.

Na Hispania yenyewe jina lake limetoka wapi? Kuna maelezo ya zamani, yanayopingwa na baadhi ya wataalamu lakini hayachoki kurudiwa, kwamba Wafoinike, mabaharia wa kale kutoka pwani ya Lebanoni, walipofika pwani ile waliona sungura wengi mno. Kwao hawakuwa na sungura wa aina hiyo, wakawapa jina la mnyama wa kwao anayefanana nao, wakaiita nchi hiyo kisiwa au pwani ya wanyama hao. Mnyama mwenyewe ni yule ambaye Biblia ya Kiebrania inamwita shafan, na Biblia yetu ya Kiswahili, Mambo ya Walawi 11, inamwita wibari. Yaani pimbi! Huyu huyu anayeota jua juu ya miamba ya Serengeti. Warumi hawakumjua pimbi, ila sungura wa Hispania waliwajua vizuri, hata Kaizari Hadrian alipotoa sarafu za kuitukuza nchi hiyo, Hispania ilichorwa ni mwanamke aliyejiegemeza, na sungura yuko karibu naye. Kwa hiyo, kama Wafoinike kweli ndio waliotoa jina hilo, spanieli ni mbwa wa nchi ya pimbi. Nilimweleza mzee wangu. Aliniomba nimtafutie picha ya pimbi, akaitazama sana, akasema springa wake angemfurusha bila shida. Simwamini. Pimbi ana meno.

Kwenye fasihi ya Kiingereza jina hili lilipata maana ya pili, na hiyo haina heshima. Spanieli humpenda bwana wake hata akimpiga, kwa hiyo akawa mfano wa mtu anayejipendekeza. Shakespeare anaitumia sana. Katika mchezo mmoja Helena anamwambia mwanamume asiyemtaka kwamba yeye ni spanieli wake, kadiri anavyompiga ndivyo atakavyozidi kujikomba. Na katika Julius Caesar, tendo la tatu, dakika chache kabla ya kuuawa, Kaizari anamkemea mtu aliyepiga magoti kumwombea nduguye aliyefukuzwa nchini: maneno matamu, kuinama chini sana na kujikomba kwa kispanieli hakutanibadilisha. Mchezo huo Mwalimu Nyerere aliutafsiri, chapa ya kwanza ikatoka 1963, kwa hiyo na yeye alikaa mezani na mstari huo mbele yake akiwa kiongozi wa nchi changa, na watu wa kuinama bila shaka hawakukosekana mlangoni. Mwenye kitabu afungue mwenyewe aone. Leo Tanzania tusingehitaji mbwa hata kidogo. Tungesema chawa, na kila mtu angejua anasemwa nani.

Mimi naona springa ameonewa katika mfano huo. Nimemwona akimkatalia mzee wangu waziwazi, anaitwa mara tatu na hageuki, kwa sababu pua imempa habari nyingine. Chawa hafanyi hivyo.

Kwa karne nyingi spanieli hawakugawanywa kwa sura. Waligawanywa kwa kazi: wa nchi kavu waliofurusha ndege kwa ajili ya kozi, yule ndege wa kuwindia, na wavu, baadaye bunduki, na wa majini walioleta bata waliopigwa. Wa nchi kavu nao wakagawanywa kwa uzito tu. Mdogo alitumwa kwenye miiba minene kumtoa woodcock, ndege wa msituni mwenye mdomo mrefu, na kutoka kwenye jina la ndege huyo akaitwa koka. Mkubwa aliitwa springa, kwa kuwa kazi yake ni kumfanya ndege aruke. Mama mmoja aliweza kuzaa koka na springa tumbo moja, na aliyezaliwa koka akinenepa aliweza kuhama ukoo bila kumuuliza mtu. Mambo ya vitabu vya nasaba yalikuja baadaye. Klabu ya mbwa ya Uingereza ilianzishwa 1873. Koka akatambuliwa kuwa jamii ya peke yake miaka ya mwanzo ya 1890, springa mwaka 1902. Huo mpaka unaoonekana leo kana kwamba uliwekwa tangu gharika ya Nuhu una umri wa mabibi zetu.

Baada ya hapo macho yalianza kuishinda pua. Marekani walimchukua koka wakamfupisha uso, wakamwongezea manyoya, na mwaka 1946 klabu yao ikakubali kwamba koka wao na wa Kiingereza ni jamii mbili. Wa kwao ndiye aliyeongoza kwa kuandikishwa kuliko mbwa wote nchini humo kuanzia 1936 hadi 1952. Mwaka huo wa 1952, tarehe 23 Septemba, Richard Nixon alikaa mbele ya kamera za televisheni kujitetea kuhusu mfuko wa fedha za siasa uliokuwa karibu kumwondoa kwenye kinyang'anyiro cha umakamu wa rais. Akasema zawadi moja hatairudisha: koka mweusi na mweupe aliyetumwa kutoka Texas, ambaye binti yake Tricia alimwita Checkers. Watu walilia. Nixon akabaki. Mbwa mmoja akaokoa kazi ya mwanasiasa kwa kuwa na masikio marefu tu, na sidhani kama aliwahi kunusa kwale maishani mwake.

Lakini habari inayonikera ni ya mdogo wao wa mapajani. Caius alikwisha kuwataja spanieli wadogo ambao mabibi wakubwa waliwabeba vifuani, akawacheka. Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza kuanzia 1660 hadi 1685, alijaza jumba la kifalme mbwa wa namna hiyo. Samuel Pepys, mtumishi wa ofisi ya jeshi la majini, aliandika katika shajara yake Septemba 1667 kwamba kwenye baraza la mfalme alichokiona ni upumbavu wa mfalme kucheza na mbwa wake muda wote bila kujali shughuli. Mbwa hao wakabeba jina la mfalme. Karne ya 19 mtindo ukabadilika, pua zikafupishwa hadi uso ukawa bapa. Mwaka 1926 Mmarekani tajiri, Roswell Eldridge, alifika kwenye maonyesho ya Crufts akitafuta wale wenye pua ndefu wa kwenye michoro ya zamani, akawakosa. Akaweka zawadi ya pauni 25, kwa miaka mitano, kwa atakayeleta wanaofanana na wale wa kwenye picha. Watu wakaanza kuchagua na kupandisha. Mwaka 1945 jamii mpya ikatambuliwa, Cavalier King Charles, ikiwa imejengwa juu ya mbwa wachache na kuoana kwa ndugu kwa ndugu.

Nia ya Eldridge ilikuwa njema. Pua ndefu ni afadhali kuliko pua bapa. Kilichofuata hakikuwa chema. Moyo wa mbwa hawa huharibika vali mapema kuliko wa mbwa wengi, na wengi wana fuvu dogo kuliko ubongo uliomo, maji ya uti wa mgongo yanakosa njia, maumivu yanapanda shingoni. Utamwona anatembea na mguu wa nyuma unajikuna hewani bila kugusa ngozi. Mwenye mbwa anaweza kucheka akidhani ni tabia tu. Ni maumivu. Januari 2022 mahakama ya Oslo ilipiga marufuku kuzalisha Cavalier na bulldog wa Kiingereza nchini Norway, kwa shauri lililofunguliwa na chama cha kutetea wanyama. Rufani ikamwachia bulldog, lakini kwa Cavalier hukumu ikasimama hadi mahakama ya juu, Oktoba 2023: kumzalisha hivi hivi ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama, njia iliyobaki ni kumchanganya kitaalamu na jamii nyingine. Wafugaji walinung'unika kwamba jamii itapotea. Mimi nasema jamii iliyotengenezwa ifanane na picha ukutani inaweza kutengenezwa tena ifanane na mbwa mzima.

Wale walioachiwa kazi wamebaki na afya nzuri zaidi, kwa jumla, na kazi zimeongezeka. Springa wa shambani na springa wa maonyesho leo ukiwaweka pamoja utadhani ni watu wa mataifa mawili: wa maonyesho mzito, masikio yameburuzika, manyoya yamechanwa, wa shambani mwembamba, mwepesi, mkia umekatwa nusu. Uingereza ilikataza kukata mikia mwaka 2007, ila sheria inawaruhusu mbwa wa kazi, maana mkia usiotulia ukipigwa na miiba huchanika hadi damu. Huyu wa shambani ndiye polisi na watu wa forodha wanayemtaka kunusa dawa za kulevya, fedha na mabomu. Springa Buster aligundua silaha zilizofichwa Safwan, kusini mwa Iraki, mwaka 2003, akapewa nishani ya Dickin, ambayo hutolewa kwa wanyama walioonyesha ushujaa vitani. Kazi ni ile ile ya kichakani. Anapekua, ananusa, anaketi, anangoja. Malipo yake ni mpira wa tenisi.

Iliyonigusa zaidi ni soksi za Gambia. Watafiti, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Durham pamoja na shirika la Medical Detection Dogs, waliwavisha watoto wa shule huko Gambia soksi za nailoni usiku mmoja, wakawapima malaria, kisha wakazipeleka soksi Uingereza zinuswe. Watoto hawakuwa na homa. Walikuwa na vimelea tu kwenye damu, watoto wa namna ambayo kwetu hurudi kucheza, huku mbu akiendelea kuwachota vimelea hivyo. Matokeo yalitangazwa 2018: mbwa walizitambua kwa usahihi takriban asilimia 70 ya soksi za walioambukizwa. Walioanza walikuwa mbwa wengine, lakini springa aitwaye Freya naye akafunzwa kazi hiyo ya malaria. Wazo ni kwamba siku moja mbwa asimame bandarini au uwanja wa ndege na kuwachuja abiria bila kumtoboa mtu kidole, hasa wanaotoka kwenye malaria kwenda kule ilikokwisha kutokomezwa. Mama yangu, aliyenizaa na kuniuguza malaria Tanga, aliposikia hilo hakuuliza maji wala udongo. Aliuliza huyo mbwa anakula nini.

Sasa, tangu niweke picha za springa mtandaoni, watu wa Dar na Nairobi wananiandikia wakiuliza kama wanunue koka, kwa kuwa wameona wanauzwa. Nitajibu hapa mara moja.

Kwanza, masikio. Yale masikio marefu yanafunika tundu, na kwa joto na unyevu wa Dar au Mombasa uchafu wa sikio huanza kunuka usipolikagua na kulikausha kila wiki, na kila akioga. Pili, manyoya: kupe hujificha ndani yake na huleta homa inayoua, kwa hiyo mnyoe fupi na usikose dawa ya kupe. Tatu, uulize wazazi wa huyo mtoto wako wapi, na uwaone. Muuzaji asiye na mama wa kukuonyesha, muage. Kama ni Cavalier anataka kukuuzia, muage hata akikuonyesha mama.

Nne, na hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa: usimfungie bandani mchana kutwa ili umfungulie usiku, kama tulivyozoea kwa mbwa wa ulinzi. Mbwa huyu alizalishwa kupekua vichaka toka asubuhi hadi jioni, bega kwa bega na mtu. Ukimfungia atakubwekea, atachimba, atatafuna mlango, na hutakuwa na wa kumlaumu. Anataka kutembezwa mbio mbio asubuhi na jioni, na anataka afichiwe vitu avitafute. Na kama unachotaka hasa ni mlinzi wa nyumba, tafuta mwingine. Spanieli atambwekea mwizi vizuri tu, kisha atakwenda kumletea kiatu.